Binti yangu ana uvimbe kifuani, na mama yake hayupo tena

*Shikamoo daktari. Nina binti wa miaka 10. Mama yake alifariki miaka 4 iliyopita kwa saratani ya titi. Wiki iliyopita nilimsikia akilia bafuni. Nilimbembeleza sana ndipo akasema kuna kitu kigumu kinamuuma chini ya chuchu ya kushoto. Sikulala usiku ule. Dada yangu anasema mtoto anaanza kukua tu, nimwachie yeye azungumze naye, maana mwanamume hazungumzi mambo hayo na binti yake. Kusema kweli siku hizi hata kumkumbatia nimeanza kuogopa. Nifanye nini, na nimwambie nini?*

Marahaba, baba. Nianze na hicho kilichokunyima usingizi.

Kitu kigumu cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati, kilichokaa chini kabisa ya chuchu na kinachouma kikiguswa, kwa msichana wa miaka 10, ni titi linaloanza kuota. Matiti yote huanza hivyo. Kuanza upande mmoja ni jambo la kawaida. La pili linaweza kuchelewa hata miezi 6, na yakishakua yote mawili mara nyingi hayalingani sawasawa. Saratani ya titi kwa mtoto wa umri huu ni nadra mno, kiasi kwamba daktari wa watoto anaweza kustaafu bila kuona mgonjwa hata mmoja.

Mpeleke akaguliwe mara moja, ili ninyi wawili mlisikie neno hilo kutoka kwa mtu aliyemwona. Ila nakuomba jambo moja: asitokee mtu wa kutaka kukikata kitu hicho au kukichoma sindano ya kutoa kinyama, kwa sababu tu historia ya mama imewatia hofu. Hiyo tishu ndogo ndiyo mbegu ya titi zima. Ikiondolewa sasa, titi halitakua. Mambo ambayo yangenifanya niangalie kwa makini zaidi ni uvimbe ulio pembeni, mbali na chuchu, ngozi iliyokuwa nyekundu na ya moto, au chuchu inayotoa damu au usaha. Hukutaja hata kimoja.

Sasa turudi bafuni. Sidhani kwamba alikuwa analia kwa maumivu. Titi linaloota huuma, lakini mtoto wa miaka 10 haendi kujificha kulia kwa maumivu ya kiasi kile. Mama yake alipofariki alikuwa na miaka 6, na wa miaka 6 husikia mengi kuliko tunavyodhani. Alisikia neno "uvimbe". Alisikia "titi". Alijua mwisho wake. Miaka 4 baadaye ameoga, mkono wake umegusa kitu kigumu mahali palepale. Mimi naamini binti yako alikuwa bafuni akidhani anakufa, na hakutaka kukwambia kwa kuwa anakumbuka ulivyokuwa mama yake alipougua.

Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza msiyasogeze hadi wikendi. Yafanye leo, na wewe ndiwe ulitaje neno saratani, asiachiwe yeye kulibeba. Sema kwa maneno yako, lakini yakaribiane na haya: "Siku ile uliponiambia, mimi pia niliogopa. Nimeuliza kwa daktari. Hii si saratani. Si ule ugonjwa wa mama. Ni titi lako linaanza kukua, na linauma kwa sababu linakua. Ukiogopa tena, hata usiku wa manane, njoo uniamshe." Kisha nyamaza. Akilia, kaa naye. Akiondoka bila kusema kitu, mwache aende; amesikia.

Siku moja atauliza kama naye atakuja kuugua, na hapo usimdanganye. Saratani nyingi za titi hazirithiwi. Ni sehemu ndogo tu, kama 5 hadi 10 kwa kila 100, zinazotokana na jeni zilizorithiwa, na zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Watoto hawapimwi jeni hizo, maana hakuna cha kuwafanyia utotoni. Jambo hilo husubiri utu uzima. Kazi yako kwa sasa ni kutunza karatasi za hospitali za mama yake, hasa zinazoonyesha alikuwa na umri gani ugonjwa ulipogunduliwa. Akifika miaka ishirini na kitu, daktari wake atazihitaji.

Na kwa kuwa tumegusa saratani, kuna moja ambayo unaweza kumkinga nayo sasa hivi. Chanjo ya kirusi cha HPV, inayozuia saratani ya shingo ya kizazi, hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na kirusi chenyewe. Binti yako yuko katikati ya umri huo.

Dada yako amesema mambo mawili. La kwanza, kwamba mtoto anakua, ni kweli tupu, na mshukuru. La pili silikubali. Shangazi ni hazina, na yako maswali ambayo binti atapenda kumuuliza mwanamke mwenzake. Lakini wewe ndiwe unayekaa naye nyumba moja. Damu ya kwanza haitangoja shangazi aje kutembea. Tena mtoto anayeambiwa "mambo hayo kamuulize shangazi" hupata somo jingine lisilotamkwa: kwamba mwili wake umekuwa kitu ambacho baba hawezi kukitazama wala kukitaja. Somo hilo hulikumbuka miaka mingi baada ya kusahau yote aliyofundishwa kuhusu pedi. Kwa hiyo shangazi aongezeke, asikurithi. Na kabla hajazungumza naye, muulize atasema nini. Nimekutana na wanawake wengi mno ambao mafunzo yao yote ya kubalehe yalikuwa sentensi moja, "sasa kaa mbali na wavulana," bila mtu kueleza kwa nini. Sentensi hiyo huacha woga tu, na maswali yote yakabaki palepale.

Haya unaziona, najua. Huhitaji kuzificha. Mwambie, "Naona haya kidogo kuzungumza mambo haya, kwa sababu mimi sikuzungumzwa nayo. Haya ni zangu, wewe huna kosa." Watoto wengi hulegea wakisikia hivyo. Usimkalishe kitini ukamtazama usoni kwa saa nzima kama mwenye kesi. Zungumza mkiwa bega kwa bega: mnatembea, mnaosha vyombo, mnakunja nguo, taa imezimwa anataka kulala. Dakika mbili, jambo moja, basi. Kesho kutwa jingine. Tumia majina halisi, matiti, uke, hedhi, kinena, hata kama mwanzoni ulimi utakuwa mzito. Mtoto asiye na jina la kiungo hawezi kusema kimeuma, wala hawezi kusema nani amekigusa.

Nikueleze kinachotokea ndani ili usije ukababaika akikuuliza. Kuna sehemu ndogo kwenye ubongo, haipothalamasi, ambayo utotoni huwa imetulia. Muda ukifika huanza kutuma ishara kwa mapigo, mwanzoni usiku mtoto akiwa amelala. Ishara hizo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziamsha ovari, yaani viungo vya mayai ya uzazi, na ovari hutoa estrojeni, homoni ya kike. Titi ndilo huwa la kwanza kuitikia. Kwa wasichana wengi hilo hutokea kati ya miaka 8 na 13, kwa hiyo binti yako hajawahi wala hajachelewa.

Mwaka 1969 madaktari wawili wa Uingereza, William Marshall na James Tanner, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasichana kwa miaka wakiona jinsi wanavyobadilika. Madaktari bado tunatumia hatua zao 5. Kilicho muhimu kwako katika kazi ile ni kwamba mabadiliko hufuatana kwa mpangilio unaotabirika, lakini kila msichana ana mwendo wake. Mara nyingi titi hutangulia, nywele za kinena hufuata, kisha urefu huja kwa kasi, na hedhi ya kwanza huja karibu na mwisho, kwa kawaida miaka 2 hadi 3 tangu titi lilipoanza kuota. Hesabu hiyo iweke kichwani. Una muda wa kutosha, lakini huna wa kuchezea.

Katika muda huo atarefuka upesi, pengine sentimita 8 kwa mwaka, na miguu itatangulia: viatu vitambana kabla ya magauni. Makwapa yatatoa harufu, na maji na sabuni kila siku vitatosha. Chunusi zitakuja, asizitumbue. Nyonga zitapanuka na mafuta yatakaa mapajani na tumboni. Hapo ndipo ninapowaomba akina baba wachunge ndimi zao. "Siku hizi umenenepa," hata ikisemwa kwa kicheko na mapenzi, imewafanya wasichana niliowahudumia waache kula mchana, waache michezo, wavae sweta wakati wa joto. Mwili unahitaji mafuta yale ndipo hedhi ianze. Usiuseme mwili wake, na ndugu akiusema mezani, mkatize palepale mbele ya mtoto ili asikie kwamba umemtetea.

Miezi 6 hadi 12 hivi kabla ya hedhi ya kwanza ataanza kuona ute mweupe au usio na rangi kwenye chupi. Mwambie mapema, maana wengi hudhani ni ugonjwa au uchafu na huficha nguo. Ute huo ni ishara kwamba estrojeni inafanya kazi. Ukiwa na harufu kali, ukiwasha, au ukigeuka rangi ya kijani, hapo aonwe na daktari. Sehemu ya nje aoshe kwa maji. Ndani ya uke pasioshwe kwa chochote, panajisafisha penyewe.

Kuhusu damu yenyewe, nataka aijue kwa mikono kabla ya kuijua kwa mshangao. Nunua pedi sasa. Mpe moja aifungue, aimwagie maji aone inavyonyonya, aibandike kwenye chupi ajue upande upi unakaa chini. Kama mtatumia za kitambaa, aone zinavyooshwa na kuanikwa juani zikauke kabisa. Iwe ya namna gani, hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo. Kisha mtengeneze kipochi cha kukaa kwenye begi la shule: pedi 2, chupi safi, na mfuko wa kuwekea iliyochafuka. Mkubaliane ni mwalimu gani atamwendea ikitokea darasani.

Mwambie pia kwamba damu ya kwanza mara nyingi haifanani na damu. Inaweza kuwa doa la kahawia tu, na wapo wasichana waliodhani wamejichafua kwa choo wakafua nguo kimyakimya kwa siku 3. Mwambie hedhi nzima ni kama vijiko vikubwa 2 au 3 vya damu, japo kwa macho itaonekana nyingi, na kwamba huisha ndani ya siku 7. Katika miaka ya mwanzo isipokuja kwa tarehe, asiogope. Kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi ya inayofuata zinaweza kupita siku 21, zinaweza kupita 45, kwa sababu ovari bado hazijazoea kutoa yai kila mwezi.

Tumbo likimuuma, chanzo ni kemikali ziitwazo prostaglandini zinazoufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Ndiyo maana ibuprofeni husaidia, kwani huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, na husaidia zaidi ikinywewa maumivu yanapoanza kuliko yakishapamba moto. Anywe akiwa amekula, kwa kipimo cha uzito wake kama mfamasia atakavyokuelekeza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo tumboni nayo ni dawa. Lakini maumivu yanayomlaza nyumbani asiende shule usiyaite ya kawaida, wala asikuambie mtu kwamba yataisha akizaa. Yanahitaji daktari.

Siku hiyo ikifika, asikie sauti yako ikiwa ileile ya kila siku. Muulize kama anaumwa, kama ana pedi, kama anataka shangazi aambiwe. Akisema asiambiwe, asiambiwe. Na tafadhali usimwambie "sasa wewe ni mwanamke." Atakuwa na miaka 12 au 13 na bado atataka kucheza kesho asubuhi; sentensi hiyo huwafanya wasichana wengi wahisi wamefukuzwa utotoni bila kuaga.

Kuna ulichokiandika mwishoni kwa maneno machache, kwamba umeanza kuogopa kumkumbatia. Hilo limenigusa kuliko yote. Akina baba wengi hurudi nyuma wakati huu kwa heshima, wala hawana nia mbaya. Lakini mtoto haoni heshima hiyo. Anachokiona ni kwamba jana alikuwa anakaliwa karibu, leo kifua kimeanza kuvimba na baba amesogea mbali. Atahesabu moja na moja. Na huyu wako hana mama wa kumkimbilia. Endelea kumkumbatia. Kinachobadilika ni kwamba sasa unamuuliza: "Nikukumbatie?" Akikataa leo, kesho muulize tena bila kununa. Mkumbatie kwa ubavu, maana kifua kinauma na kugongwa ni mateso. Gonga mlango ungoje jibu kabla ya kuingia. Akitaka sidiria, hata kama kwako unaona hakuna cha kushikwa, apate laini isiyo na waya, achague mwenyewe. Hapo shangazi anaweza kuwa msaada mkubwa kama binti ataona haya kwenda nawe.

Kuheshimu mwili wake namna hiyo ndiko kutakakomfundisha kumtambua asiyeuheshimu. Msichana ambaye mwili wake umetangulia wa wenzake huanza kutazamwa na wanaume wazima akiwa bado hajui anatazamwa nini. Mwambie waziwazi kwamba hakuna mtu, awe mwalimu, jirani, binamu, au mjomba anayependwa na ukoo mzima, mwenye ruhusa ya kumgusa kifua au sehemu za siri, kuzisifia, kuomba picha zake kwenye simu, au kumwambia "hii iwe siri yetu." Na umwahidi kwamba akikuletea habari kama hiyo hutauliza alikuwa amevaa nini wala alifuata nini kule. Mweleze pia mimba inavyopatikana. Wazazi husubiri damu ya kwanza ndipo waseme, nao wamechelewa: yai hutoka wiki 2 hivi kabla ya hedhi, kwa hiyo msichana anaweza kushika mimba hata kabla hajawahi kuiona damu.

Hasira za ghafla na machozi yasiyo na sababu utayaona. Usingizi wa kutosha husaidia kuliko mahubiri. Kwa umri wake ni jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku, na simu isilale chumbani kwake.

Mrudishe kwa daktari ikiwa hedhi itazidi siku 7, au ikiwa pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, au akiwa mchovu wa kupitiliza na weupe midomoni, maana huenda damu imepungua. Vilevile ikiwa miaka 3 itapita tangu sasa bila hedhi.

Limebaki moja, na hili ni wewe tu unayeweza kulifanya. Umri wa kuvunja ungo kwa kiasi kikubwa hufuata wa mama, na hata maumivu makali ya hedhi wakati mwingine huwa ya ukoo. Mpigie simu bibi yake mzaa mama, au mama yake mdogo, umuulize: marehemu alianza akiwa na miaka mingapi? Alikuwa wapi? Aliumwa sana? Alisema nini siku ile? Wapo wanaokumbuka, na wakiondoka wataondoka na habari hiyo. Usishangae binti yako akimlilia mama yake upya siku ya sidiria ya kwanza au ya damu ya kwanza, hata kama ulidhani msiba umeshatulia. Siku hiyo utakuwa na kitu cha kumpa: "Mama yako naye alianza akiwa na umri kama wako. Bibi amenisimulia. Kaa hapa nikwambie ilivyokuwa."